Mngurumo wa Matairi ya Baba

Tairi la baiskeli lenye meno makubwa haliwezi kutunza siri likiwa juu ya lami. Linanguruma. Si mngurumo wa lori wala wa pikipiki, ni sauti nzito ya chinichini, vuuu, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, na kadiri mtu anavyokanyaga ndivyo inavyopanda. Mimi sauti hiyo naijua kutoka mbali. Nikiwa nimelala naijua, nikiwa jikoni na redio imefunguliwa naijua, na mpaka leo, mama mzima mwenye watoto wangu, ikipita nje hunisimamisha kwanza kabla akili haijaniambia kwamba ni kijana wa maziwa tu anapita. Wenzangu hukumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi. Mimi wangu naukumbuka kwa matairi, na mtu asinicheke, maana adhabu ya kaburi aijua maiti.

Tulikuwa tukikaa Shauri Moyo, katika zile nyumba za zamani za baraza la jiji, chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa pazia: upande ule baba na mama, upande huu mimi, masufuria na baiskeli. Ndiyo, baiskeli ililala ndani. Ukiiacha nje, asubuhi utaamkia mnyororo, tena kama una bahati. Jioni upepo ukitoka upande wa soko la nyama la Burma ulituletea harufu ya nyama choma bure, na mama, ambaye ulimi wake ndio niliourithi, alikuwa akipakua ugali huku akituambia, "Haya, kuleni haraka kabla upepo haujageuka, mboga isije ikaisha." Tulicheka. Mwanzoni tulicheka sana. Baadaye mzaha ule ukawa kweli, sukuma wiki ikawa ya kuhesabiwa majani, na mama akaacha kuusema.

Baba alikuwa mtu wa Bungoma aliyeletwa Nairobi na kazi ya reli, na kazi ya reli ikamwacha papo hapo ilipomleta. Walipopunguza watu karakana, alirudi nyumbani ovaroli limekunjwa kwapani, akaketi kitandani, akasema Mungu hamtupi mja wake. Mimi aliniita Mama, wala si kwa utani. Nimepewa jina la mama yake mzazi, Nafula, na baba hakuweza kulitamka jina lile ovyo ovyo. Kwa hiyo hata akinikasirikia alinikasirikia kwa heshima. "Mama, nimekuambia usipande ukuta huo." Mtoto anayeitwa mama na baba yake mwenyewe hukua na kichwa kikubwa, na changu kilikuwa kikubwa kwelikweli, hasa kwa mambo ya baiskeli. Hapo nilidhani hakuna wa kunifundisha, awe mkubwa au mdogo.

Baada ya reli, baba akawa kibarua. Kiwanda alichokitegemea kilikuwa mwisho kabisa wa eneo la viwanda, na pale getini walikuwa na desturi yao. Hapakuwa na foleni ya watu, palikuwa na foleni ya vitu. Kila aliyefika aliweka kitu chake chini kando ya ukuta, jiwe lenye alama, kofia, chupa, kisha akaenda kuota moto na wenzake. Nyapara akitoka alianza na kitu cha mbele, akiita wenyewe mmoja mmoja, na akiwapata wanaomtosha alifunga geti. Waliobaki wakaokota vitu vyao wakaenda zao. Kitu cha baba kilikuwa kisigino cha akala, kiatu cha tairi kuukuu. Hakuna aliyethubutu kusogeza kitu cha mwenzake. Watu wale wangeweza kuibiana shati mgongoni, lakini nafasi, hapana. Na kuondoka nyumbani gizani ili uwahi ilikuwa kujitafutia kifo, kwa sababu kabla hapajapambazuka njia ile ya kando ya reli ilikuwa na wenyewe, wenye visu. Basi wote waliondoka mwanga ulipochungulia tu, na kuanzia hapo yakawa mashindano. Wengi walikimbia kwa miguu. Baba alikuwa na baiskeli, na baiskeli hiyo ndiyo ilikuwa ikitulisha.

Shule zilipofungwa likizo ya Agosti, alitamka neno ambalo nadhani mama alishalijua. Tulikuwa tukinywa chai ya rangi. Alisema shule zikifunguliwa kabla hajapata kazi ya kueleweka, mimi na mama tutarudi nyumbani, yeye atabaki ajitafutie. Nyumbani, maana yake Bungoma, ambako mimi nilikuwa nikienda Krismasi tu, nakula kuku, nacheka na binamu zangu, narudi. Niliweka kikombe chini. Mama akajaribu kunipoza, "Nyumbani ni nyumbani hata kama ni pangoni." Nikajisemea moyoni, basi pango langu mimi ni hili hapa Shauri Moyo, na sitoki. Likizo nzima ile sikuwa na sala nyingine. Kila asubuhi niliamka nikiomba kitu kimoja: baba aandikwe kazi kabla kengele ya shule haijalia.

Na nilikuwa na sababu ya kutotaka kutoka, mbali na shule na marafiki. Ilikuwa Mlima. Mkandarasi mmoja alikuja kuchimba mtaro wa maji taka uwanjani kwetu, akamwaga malori ya udongo mwekundu, akatoweka na mtaro wake haujaisha. Wakubwa walilaani. Sisi watoto tulimshukuru Mungu. Tuliuchonga udongo ule kwa majembe mabovu na sufuria zilizotoboka, tukaumwagilia maji ya bomba, tukaupigapiga kwa mbao mpaka ukawa mgumu kama sakafu, tukapata vilima vidogo vya kurukia, kisha viwili vikubwa na shimo katikati tulilokuwa tukiliita Bonde. Mtu alianza mbio kule juu kwenye lami ya zahanati, akashuka kwa kasi, akakata kona, akaingia kwenye udongo, akapaa. Vilima vidogo wengi waliviweza. Kuvuka Bonde, hakuna. Wote walitua ndani, na wengine walitoka humo wakichechemea. Mama alikuwa akipiga kelele kutoka dirishani kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nilikuwa nimeshasikia la mkuu, na guu langu lilikuwa zima, na nilijua kwamba Bonde lile nitalivuka mimi. Jioni baba akirudi, baiskeli ilikuwa yangu mpaka giza liingie.

Mchezo ule ulinifundisha matairi. Ukitaka kuruka kwenye udongo uliopigwa ukashikana, tena uanzie kwenye lami, unataka tairi pana, nene ubavuni, lililojazwa upepo mpaka kidole kisizame, na meno yake yawe mafupi yaliyobanana, yakimbie. Tairi kipara hukimbia zaidi lakini kwenye kona ya vumbi litakulaza. Na tairi la meno makubwa yaliyoachana, ambalo kila mtoto alilitamani kwa sababu linatisha kwa macho, ndilo bovu kuliko yote: kwenye lami linakunyonya nguvu, na kwenye udongo mgumu meno yanapindapinda chini yako. Hayo nilikuwa nimeyajua kwa magoti yangu. Matairi ya baba yalikuwa yamekuwa vipara zamani, na yalikuwa yameshonwa ubavuni na mafundi wa akala pale Kariokor kwa uzi ule ule wa viatu, yakapasuka tena, yakashonwa tena, mpaka yule fundi akamwambia baba kwa upole kwamba sasa anashona uzi juu ya uzi. Siku moja tairi la nyuma likafumuka lote, baba akarudi amebeba baiskeli begani. Hakuwa na budi kununua mengine.

Alinichukua twende wote, nikafurahi, nikadhani anataka ushauri wangu. Tulikwenda Majengo kwa Bi Zainabu, mama mmoja mnene wa taratibu aliyeuza matairi ya mitumba ya baiskeli, ameyatundika ukutani kutoka chini mpaka mabatini, na duka zima linanuka mpira na udi. Bi Zainabu hakuwa akikuuliza unataka tairi gani. Alikuwa akiuliza, "Baiskeli yaenda wapi?" Akishajua inakokwenda, anachagua yeye. Nilikuwa nimeshayaona niliyoyataka, mawili yanayofanana, mapana, meno mafupi, karibu mapya. Nikamvuta baba mkono nikamwonyesha. Haya, nikamwambia, yatakufikisha getini kabla ya wote, na jioni mimi nitavuka Bonde. Baba aliyatazama, akayabonyeza, akatikisa kichwa kwamba ni mazuri. Kisha Bi Zainabu akauliza swali lake, na baba, badala ya kujibu kama watu, akasogea, akainama, akamjibu sikioni. Yule mama akanitazama mimi. Alinitazama kwa muda, halafu akachukua upondo akateremsha matairi mengine kutoka juu kabisa, meusi, mazito, yenye meno makubwa kama magego.

"Baba, hayo siyo," nikasema. "Lami haitaki meno."

"Nimesikia, Mama."

"Yatakuchelewesha. Hata kuruka hayafai."

"Nimesikia."

"Sasa mbona unayanunua?"

Alikuwa akiyafunga kwa kamba ya katani, anaikaza kupita kiasi. Bi Zainabu alinipa kiganja cha njugu bila kuombwa, akanishika kidevu, akasema, "Mtii baba yako, mwanangu, usimzidishie." Nilizila njugu zake kwa hasira. Njia nzima sikumsemesha baba. Niliona mtu mzima amepewa macho na Mungu na bado amechagua kitu cha kumdhuru, na kwa kuwa kichwa changu kilikuwa kikubwa niliona ni ujinga wa watu wa zamani, wanaodhani tairi ni meno na meno ni nguvu.

Ndipo mngurumo ulipoingia katika maisha yetu. Alfajiri nilimsikia akiondoka, vuuu, sauti ikififia kuelekea Barabara ya Jogoo, nami nikabaki nimelala macho yakiwa wazi. Kama hairudi asubuhi, amechukuliwa. Kama inarudi jua likiwa bado la kuota, amekosa. Na ilikuwa ikirudi. Ee Mungu wangu, ilikuwa ikirudi! Nilikuwa nikijaza maji bombani na wanawake wa plotini, na kabla sijaona mtu nikaisikia, na wao wakaisikia, na mmoja akasema bila ubaya wowote, "Baba Nafula huyo karudi." Zamani vipara vyake vilimleta kimya, aingie zake ndani, nani ajue. Sasa mtaa mzima ulijua baba yangu amekosa kazi kabla mkewe hajajua. Mama alikuwa akisimama mlangoni amefunga leso kiunoni, anarudisha sufuria ya uji jikoni ipashwe moto.

Kisha siku moja sauti ilikatika kwenye kona, pale kwa muuza makaa. Nikadhani tyubu imetoboka. Baba akatokea anaisukuma baiskeli kwa mkono, anasalimia watu, anatembea kama mtu aliyetoka matembezini. Kesho yake tena, sauti ikakatika pale pale. Siku iliyofuata nikaenda kujificha nyuma ya magunia ya makaa, nikamwona: anafika kwenye kona, anafunga breki, anashuka, anajifuta uso kwa mkono wa shati, anasimama kidogo huku ameshika usukani kwa mikono yote miwili, halafu ndipo anaanza kusukuma. Matairi yakisukumwa polepole hayangurumi. Nililia pale nyuma ya makaa mpaka uso ukawa mweusi. Mvumilivu hula mbivu, wanasema, na baba yangu alikuwa amevumilia mpaka zimeozea mtini.

Shule zilikuwa zimebakiza kidogo kufunguliwa. Nilikuwa siwezi tena kula vizuri. Na mimi nilikuwa nimejua tatizo liko wapi, au nilidhani nimejua: yale matairi. Kila aliyekuwa na tairi jepesi alimpita baba barabarani, kisigino chake kikawekwa mwisho wa ukuta, geti likafungwa. Sasa kulikuwa na rafiki yangu Odush, mtoto wa Mjaluo mmoja fundi wa cherehani, mwenye baiskeli ya kimo kile kile na matairi karibu sawa na yale niliyoyaacha kwa Bi Zainabu. Odush alikuwa na ugonjwa wa meno makubwa kama watoto wote. Kila akipita alikuwa akiyapapasa ya baba kwa mapenzi. "Nafu, hizi tairi ni noma," alikuwa akisema. "Ni kama za pikipiki. Na wewe hata huzitaki. Tubadilishane basi!" Jumapili, tulipotoka kanisani na baba amejilaza, nilimwambia twende. Tuligeuza baiskeli zote mbili miguu juu, tukayatoa matairi kwa vijiko vya mama, vikapinda, tukavinyoosha kwa jiwe. Tulipomaliza Odush aliondoka akinguruma mtaa mzima, meno nje, ya kwake na ya baiskeli.

Jumatatu alfajiri baba aliondoka na sikusikia kitu. Nilikaa kitandani nimeshika blanketi. Jua likapanda, hakuna mtu. Likafika utosini, hakuna mtu. Mama akaanza kuimba tenzi huku akifua, jambo ambalo hakuwa amelifanya muda mrefu. Jioni baba aliingia na karatasi yenye mafuta, nyama ya Burma, nyama yenyewe sasa, siyo upepo, na mama akapiga kigelegele hata jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Tulikula. Mimi nilimwona baba akicheka, nikasema moyoni, asante Mungu, hatuendi. Nilikuwa na hakika hiyo kama ninavyojua jina langu.

Baada ya kula aliniita nje. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta. Akaubonyeza ubavu wa tairi kwa kidole gumba.

"Ni wewe, Mama?"

"Ni mimi, baba."

"Ni matairi mazuri. Leo kisigino changu kilikuwa cha mbele kabisa." Akaondoa kidole. "Kesho ukayarudishe kwa mwenyewe."

Nilidhani sikuelewa. Nikamwambia, lakini umepata kazi! Akachuchumaa tukawa kimo kimoja. "Nimepata siku, Mama. Sijapata kazi. Kesho nitapata, kesho kutwa nitakosa." Nikamwambia ukiwa na haya hutakosa, utawahi kila siku, nimeona mwenyewe, meno hayafai kwenye lami, nilikuambia tangu dukani. Nilikuwa nimeanza kupiga kelele. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, taratibu, "Nyumbani hakuna lami, Mama."

Akanieleza. Kutoka kwetu mpaka shuleni ni mteremko wa udongo wa mfinyanzi, kisha kijito, kisha kilima, na mvua za kwetu nazijua. Mtoto wa mguu hufika amechelewa na matope mpaka kiunoni, mwisho anachoka, mwisho anaacha. Yeye hatakuwepo kunisukuma. Tairi la meno mafupi kule hujaa tope likawa sabuni. Meno makubwa yaliyoachana ndiyo huuma na kujisafisha. Alikuwa ameshaamua hata kabla ya kwenda Majengo. Baiskeli inakwenda Bungoma, akamjibu Bi Zainabu sikioni, na mwendeshaji ni huyu. Kwa hiyo kila asubuhi aliyochelewa, kila asubuhi aliyoshuka kwenye kona ile, alikuwa amepanda matairi yangu mimi, anayajaribu, anaangalia kama yana kasoro.

"Na wewe utaenda getini na nini?" nikamuuliza.

"Nina miguu."

Huo ndio mwisho wa maneno yetu. Hakunipiga, hakunilaumu. Afadhali angenipiga.

Kesho yake jioni nilikwenda uwanjani kumtafuta Odush. Nilimwambia natoka mtaani, naenda ushago, kwetu Bungoma, nataka matairi yangu. Alikuna kichwa, akatazama Mlima, akasema, "Si uruke kwanza, basi. Ukiwa bado nazo." Sikuwa na hamu, lakini nilipanda mpaka kwenye lami ya zahanati. Nikageuka. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, nikilia wazi, kamasi na machozi, matairi yakakimbia kimya, yakakata kona bila kuteleza, nikapaa. Bonde lilipita chini yangu. Nilitua upande wa pili kwa magurudumu yote mawili, laini kabisa, na watoto wakapiga yowe la kufa mtu. Ilikuwa vile vile nilivyokuwa nikiota tangu likizo ianze, na sikusikia raha yoyote. Nilishuka, nikaigeuza baiskeli miguu juu, nikamwambia Odush alete vijiko. Aliyafunga yale ya meno yeye mwenyewe, akayajaza upepo polepole, akanifungia tyubu yake ya akiba kwenye fremu bila kuniambia.

Siku ya safari, basi letu lilikuwa la asubuhi, na asubuhi ndiyo saa ya geti. Baba alikuwa ameshaipeleka baiskeli stendi jana yake, ikafungwa juu ya basi. Hakuweza kukosa kisigino chake ukutani kwa ajili ya kutupungia mkono, na mama ndiye aliyemwambia aende. Baba aliniwekea mkono kichwani nikiwa nimejifanya nimelala. Mlango ukafungwa. Nilitega sikio kwa mazoea tu, nisikie vuuu ikielekea Barabara ya Jogoo. Hakukuwa na kitu. Mtu anayekwenda kwa miguu hasikiki.

Nisiseme mengi juu ya Bungoma. Mvua ilinyesha, mteremko ukawa kama ugali mbichi, na matairi yale yakauma udongo kama yaliyozaliwa pale. Watoto walioshika viatu mkononi nikawapita. Kila asubuhi yalinifikisha, mpaka nikamaliza la nane, mpaka nikamaliza sekondari, na kila asubuhi niliyachukia kwa jinsi yalivyokuwa sawasawa. Baba alikuwa akija Krismasi, amekonda, anakagua matairi kabla hata ya kunywa chai. Miaka yote ile ya kukua kwangu nilikuwa na baba wa Krismasi. Mama alizoea. Mimi sikuzoea, na nasema waziwazi kwamba mpaka leo sijazoea.

Siku hizi mimi ndiye ninayekaa Nairobi, Umoja, nafanya kazi ofisini. Pale ulipokuwa Mlima pamejengwa gorofa, watu wameanika nguo hewani pale pale nilipopaa. Wanangu wana baiskeli zao, na wakitaka tairi wanaonyeshana picha kwenye simu na kubishana kama wanasheria, lipi la kuruka, lipi la mtaani, na mimi nikiwauliza linakwenda wapi wananicheka. Wacha wacheke. Matairi yao yanakwenda mpaka dukani na kurudi, na jioni baba yao yuko nyumbani.

Baba naye ameacha Nairobi, amezeeka kwake, na ile barabara ya udongo mbele ya boma imetiwa lami. Mwaka jana nilimpelekea matairi niliyoyachagua kwa mkono wangu, mapana kiasi, meno mafupi yaliyobanana, ya kukimbia. Aliyabonyeza kwa kidole gumba, akasema, "Ni mazuri, Mama," akayatundika ghalani. Bado anaendesha meno makubwa. Yakiisha anatafuta mengine ya aina ile ile. Mama anasema ni ukaidi wa uzee. Basi nikienda kuwasalimu, niko jikoni nasonga ugali, naisikia kutoka mbali, vuuu, ikitoka sokoni, ikipita kanisani, ikipita kwa majirani wote waliokaa nje. Inakaribia ile kona ya mwisho kabla ya geti letu, na mwiko unanisimama mkononi, nasubiri ikatike. Haikatiki. Inakata kona, inaingia getini, inakuja mpaka mlangoni, na baba yangu yuko juu ya kiti, hajashuka.